Je, George Weah aliutaka urais kweli?

MTU maarufu anapojitosa katika siasa, wapiga kura hujiuliza iwapo kweli anautaka uongozi au anatafuta tu uwanja mwingine wa kushangiliwa. Barani Afrika, ni wachache walioandamwa na swali hilo kwa muda mrefu kama George Weah wa Liberia.

Weah, aliyelelewa katika mtaa wa mabanda wa Clara Town jijini Monrovia, alichezea Monaco, Paris Saint-Germain na AC Milan, na mnamo 1995 akatuzwa Ballon d'Or. Alipowania urais 2005, miaka miwili baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kumalizika, aliongoza duru ya kwanza kwa asilimia 28. Katika duru ya pili alibwagwa na Ellen Johnson-Sirleaf, mwanauchumi aliyesomea Harvard, kwa asilimia 59 dhidi ya 41. Wapinzani walikuwa wamemkejeli kwa uhaba wa elimu.

Mwanamuziki Wyclef Jean alipozuiwa kuwania urais wa Haiti mwaka wa 2010, kwa kutotimiza sharti la kuishi nchini humo, alirejea kwenye muziki wake. Weah hakurejea kokote. Alikwenda darasani Marekani akiwa mtu mzima na kupata shahada ya masuala ya biashara. Mnamo 2011 alikubali kuwa mgombea-mwenza wa Winston Tubman, ingawa umati ulikuwa wake yeye. Walishindwa. Mwaka wa 2014 akachaguliwa seneta wa Montserrado kwa kumshinda Robert Sirleaf, mwana wa rais, na Desemba 2017 akambwaga Makamu wa Rais Joseph Boakai kwa zaidi ya asilimia 61.

Mtu anayefanya mzaha hangoji miaka 12. Hata hivyo, kuutaka urais na kutaka kutawala ni mambo mawili, na ni katika hilo la pili ambapo shaka ilibaki.

Septemba 2018, akiwa rais mwenye umri wa miaka 51, Weah alivaa jezi nambari 14 na kucheza mechi ya kirafiki dhidi ya Nigeria. Mashabiki walifurahi, na hapakuwa na ubaya. Lakini Juni 2019 maelfu waliandamana Monrovia wakilalamikia ufisadi na gharama ya maisha. Kisha mwishoni mwa 2022 alikaa ng'ambo kwa zaidi ya mwezi mmoja, akipitia Qatar ambako mwanawe, Timothy, alikuwa akichezea Marekani katika Kombe la Dunia. Mzazi yeyote angetamani kuwa pale. Raia aliyekuwa akihangaikia bei ya mchele, chakula kikuu cha nchi hiyo, aliliona jambo hilo kwa jicho tofauti.

Novemba 2023 alishindwa na Boakai kwa chini ya pointi mbili, akakubali matokeo kabla ya kura zote kutangazwa. Haingekuwa haki kusema kwamba aliuachilia urais kwa sababu aliuchoka. Katika nchi iliyomwaga damu kati ya 1989 na 2003, huenda hilo ndilo tendo la kirais zaidi alilolifanya.

Katiba ingali inamruhusu muhula mmoja zaidi wa miaka sita, na uchaguzi ujao ni 2029, atakapokuwa na umri wa miaka 63. Akiwania, atakuwa na rekodi ya utawala ya kujibia, mzigo ambao hakuubeba 2005 wala 2017.