Koni ya manjano haikaushi sakafu

Saa moja asubuhi, watu wawili hufika mbele ya maduka ya jumla kwa wakati mmoja. Wa kwanza ni mfanyabiashara aliyesafiri usiku kucha kwa basi, anayetaka kuhudumiwa mapema ili arudi mpakani kabla foleni haijawa ndefu. Wa pili ni kijana mwenye ndoo, sabuni ya maji, brashi ya mpini mrefu na kifutio cha mpira, aliyetumwa kusafisha vioo kabla wateja hawajajaa. Wanakutana mlangoni, na mara nyingi mlango huo una ngazi mbili tatu zilizowekwa vigae vya kung'aa.

Iwe Kariakoo jijini Dar es Salaam, Kikuubo mjini Kampala au mtaa wa Mateus mjini Kigali, sura ya maduka si ile ya zamani. Penye milango ya mbao pamewekwa vioo vipana vinavyoonyesha bidhaa, na kioo hakivumilii vumbi la barabarani. Kila kinapooshwa, maji huteremka na kuishia chini, kwenye vigae. Maji matupu yakiwa juu ya kigae laini yanateleza, na yenye sabuni yanateleza zaidi. Povu likishapotea, jicho halitofautishi kigae kilicholowa na kile kinachong'aa kwa usafi.

Kwa mtu mwenye mikono mitupu hilo ni jambo dogo. Atayumba, atashika ukuta, atacheka na kuendelea. Lakini wanaopita hapo asubuhi hawana mikono mitupu. Mpaka wa Goma na Gisenyi, ambao kwa siku ya kawaida umezoea kuvukwa na makumi ya maelfu ya watu, unaonyesha wazi jinsi biashara ndogo ya ukanda huu inavyosafirishwa: kichwani, mgongoni, begani. Mama mwenye beseni kichwani hatazami chini, kwa kuwa akiinamisha shingo mzigo utamwagika. Mwenye katoni kifuani haoni miguu yake mwenyewe. Anayesukuma mkokoteni anaona magunia tu, na njia anaikisia.

Trei moja ina mayai 30. Mwenye trei kumi amebeba mayai 300, na kwa wengi hao ndio mtaji wote wa wiki. Akiteleza, mayai yatapotea kwa sekunde moja. Mkono uliovunjika unaweza kumweka nyumbani kwa wiki kadhaa, na hana mwajiri wa kumlipa mshahara wa siku za ugonjwa. Mifuko ya fidia kwa wafanyakazi katika nchi za ukanda huu imeundwa kwa ajili ya walioajiriwa. Anayejiajiri mwenyewe na kuvuka mpaka na bidhaa zake hayumo, labda awe amejikatia bima.

Ndiyo maana kazi ya msafisha vioo, inayodhaniwa kuwa ni ya kung'arisha tu, ina upande wa pili ambao mwenye duka hauulizii anapopatana bei. Upande huo unahusu watu wanaopita chini ya kioo.

Koni inasema nini

Koni yenyewe si chombo cha kale. Inahusishwa na Charles Scanlon, mpaka rangi wa barabara za jiji la Los Angeles nchini Marekani, aliyepewa hataza yake mwaka 1943. Tatizo lake lilikuwa kwamba magari yalipita juu ya mistari ya rangi kabla haijakauka, na vizuizi vya mbao vilivyotumika havikufaa. Kwa hiyo tangu mwanzo koni ilikuwa na ujumbe mfupi: hapa pamelowa, subiri pakauke.

Ujumbe huo umesahaulika katika maduka mengi. Kuna mahali ambapo koni, au kile kibao cha manjano kinachosimama kama hema dogo, huwekwa mlangoni asubuhi na kuondolewa duka linapofungwa. Sakafu imekauka tangu saa mbili, kibao bado kipo. Wateja hukizoea kama wanavyoizoea mizani iliyo mezani. Siku maji yatakapomwagika kweli, hakuna atakayepunguza mwendo, maana kibao kimekuwa kikipiga kelele ya uongo mwezi mzima. Kuiondoa koni kwa wakati ni kazi sawa na kuiweka, na wasafisha vioo wazoefu huichukua pamoja na ndoo yao wanapohamia kioo kinachofuata.

Kosa jingine ni kuiweka juu ya maji yenyewe. Anayeiona akiwa amefika hapo tayari amekanyaga. Inatakiwa kumtangulia mpita njia, tena kwa pande zote watu wanakotokea: mmoja anatoka barabarani, mwingine anatoka ndani ya duka akiwa na mzigo mpya begani. Huyu wa ndani ndiye husahaulika. Msafisha vioo amempa mgongo, naye hajui kwamba ngazi alizopanda zikiwa kavu dakika kumi zilizopita sasa zimelowa. Anayesukuma mkokoteni anahitaji kuonywa kutoka mbali zaidi kuliko mtembea kwa miguu, kwa sababu magunia mazito hayasimami ghafla.

Ukubwa nao una maana. Koni zinazouzwa sana zina kimo cha sentimita 45 na sentimita 75. Ile fupi inatosha kwenye ukumbi wa ofisi, ila mbele ya duka la jumla hufichwa na gunia moja tu. Kwa wanaozinunua ili kuziuza tena ng'ambo ya mpaka, cha kukagua kwanza ni kitako. Koni nyepesi huangushwa na upepo wa lori linalopita, ikabingirika hadi katikati ya njia na kuwa kitu cha kujikwaa. Yenye kitako kizito cha mpira inakaa ilipowekwa. Ukanda unaoakisi mwanga nao si pambo, kwani wengi wa wateja hawa hufika kukiwa bado na giza.

Halafu kuna suala la lugha, ambalo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki haliwezi kurukwa. Vibao vingi vya kuonya vimeandikwa Kiingereza. Mnunuzi aliyetoka Bukavu au Bujumbura huenda anasoma Kifaransa, Kirundi au Kiswahili, na mwingine hasomi kabisa, ingawa hesabu za biashara zote anazo kichwani. Kinachozungumza na watu wote hao ni rangi ya manjano na mchoro wa mtu anayeanguka. Mwenye duka anayeongeza maneno mawili kwa rangi nyeusi, "SAKAFU IMELOWA", hajapoteza chochote.

Mpira wa maji, ndoo na ngazi

Kuteleza ni nusu ya tatizo. Nusu nyingine ni kujikwaa, na hapa vyanzo ni vifaa vya msafisha vioo mwenyewe. Katika majengo ya ghorofa kadhaa, wengine sasa hutumia mpini mrefu unaopeleka maji juu hadi kwenye brashi, huku mtu akibaki chini. Ni njia inayopunguza hatari ya kuanguka kutoka juu, ambayo ndiyo inayoua. Lakini inaleta mpira wa maji wenye urefu wa makumi ya mita, ukilazwa kando ya jengo ambako watu wanapita. Hatari imeshushwa kutoka kwa mfanyakazi na kuwekwa miguuni pa umma, na si wote wanaoitumia njia hiyo wameling'amua hilo.

Mpira unaolazwa sambamba na ukuta, karibu kabisa na ukuta, hausumbui watu. Ukilazimika kukata njia, ukate moja kwa moja kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ukipita mshazari, mtu mmoja atauvuka mara mbili bila kujua. Uliolegea huinuka na kutengeneza kitanzi, na kitanzi hunasa kiatu, kwa hiyo ziada yote inazungushwa na kuwekwa kando. Rangi yake iwe ya kuonekana. Mpira wa kijivu juu ya zege la kijivu ni mtego.

Ngazi ya kuegemeza ina hesabu yake. Kanuni inayotumika sana duniani ni moja kwa nne: kwa kila mita nne za kwenda juu, mguu wa ngazi uwe mita moja kutoka ukutani. Ngazi iliyosimama wima mno huanguka nyuma, na iliyolala mno huteleza kwa chini. Sasa baraza za maduka mengi ya jumla zina upana wa mita moja na nusu hivi. Ngazi ikichukua mita moja, inayobaki haimtoshi mama mwenye beseni, naye atashuka barabarani kwenye pikipiki. Hapo hakuna koni itakayosaidia. Kinachosaidia ni kumsimamisha mtu wa pili chini awaelekeze wapita njia, au kufanya kazi hiyo Jumapili.

Na hilo ndilo jambo ambalo koni, kwa urahisi wake, huwafanya watu wasilifikirie: saa ya kazi. Maji yasiyomwagwa wakati wa wateja hayahitaji onyo. Kioo cha mlangoni kikioshwa saa kumi na mbili asubuhi, kikafutwa, na ngazi za mlango zikapigwa dekio kavu kabla kufuli halijafunguliwa, koni inaweza kubaki stoo. Kitambaa kikubwa chini ya kioo kinakamata matone kabla hayajafika kwenye vigae. Kifutio kikikamuliwa ndani ya ndoo badala ya kukung'utwa hewani, eneo linalolowa hupungua sana. Ndoo yenyewe ikae upande wa ukutani, siyo nyuma ya mfanyakazi.

Sheria inamfuata nani

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya ya mwaka 2007 haikuwekwa kwa ajili ya wafanyakazi peke yao. Inagusa pia watu wote walio mahali pa kazi kihalali. Ile ya Tanzania ya mwaka 2003 nayo inataja ulinzi wa watu wasio wafanyakazi dhidi ya hatari zinazotokana na kazi za wengine. Mteja anayepanda ngazi za duka yumo humo.

Kenya ina pia sheria ya dhima ya mwenye kukalia jengo kwa wageni wake. Ndani yake kuna jambo ambalo wenye maduka wangefaidika kulijua: onyo peke yake halimwondolei mwenye jengo lawama, isipokuwa kama lilitosha, kwa mazingira yale, kumfanya mgeni awe salama. Koni ndogo nyuma ya rundo la magunia ni onyo, lakini ni vigumu kudai kwamba ilitosha.

Tangu Itifaki ya Soko la Pamoja ianze kutumika Julai 2010, huduma nazo zina nafasi ya kuvuka mipaka kama bidhaa, na kampuni ya usafi ya nchi moja inaweza kutafuta zabuni nchi jirani. Anayevuka na ndoo zake asidhani amevuka na sheria za kwao. Mkataba useme nani analeta koni, nani anapanga saa ya kazi na nani anabeba gharama mpita njia akiumia, kwa sababu siku ya ajali mwenye duka atamnyooshea kidole msafisha vioo, na msafisha vioo atamnyooshea aliyemwambia aoshe saa nne mchana.

Kwa aliyeanguka, muda ni mfupi. Maji yaliyomwangusha yatakauka ndani ya dakika chache, na kibao kinaweza kutokea ghafla mahali ambapo hakikuwepo. Picha ya simu ipigwe kabla hajanyanyua mzigo: sakafu, ngazi, mpira, na koni au nafasi ambayo haina koni. Jina la duka na namba ya simu ya mtu mmoja aliyeshuhudia viandikwe hapo hapo. Hospitali aombe maandishi yenye tarehe, na ahifadhi stakabadhi ya bidhaa zilizoharibika pamoja na tiketi ya basi, kwani kesi ya mtu anayeishi ng'ambo ya mpaka huanza kwa kuthibitisha kwamba siku ile alikuwepo.