Maiti na Modeli za Kidijitali katika Mafunzo ya Anatomia

Anatomia, yaani elimu ya viungo vya mwili na jinsi vinavyopangana, ndiyo msingi wa udaktari, na kwa karne nyingi wanafunzi wameipata kwa kupasua maiti, ambazo siku hizi huhifadhiwa kwa fomalini, dawa inayozuia mwili usioze. Sasa vyuo vingi duniani vinatumia modeli za kidijitali, ambazo ni picha za mwili zenye pande tatu zinazoweza kugeuzwa, kukatwa na kurudishwa upya kwenye kioo cha kompyuta. Mkazi wa kisiwa cha Bumbire, wilayani Muleba mkoani Kagera, anahusika na mabadiliko hayo, kwa kuwa mgonjwa anayevushwa ziwa kwa boti hadi hospitali za Rubya, Kagondo, Ndolage au ya rufaa ya mkoa Bukoba huenda akapokewa na daktari aliyehitimu karibuni, ambaye analazimika kutegemea alichojifunza chuoni.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha uzito wa jambo hili. Mrija unaoteremsha mkojo kutoka figo hadi kibofu hupita chini ya mshipa wa damu unaolisha mfuko wa uzazi, tena karibu sana nao, hivi kwamba daktari anayeondoa mfuko huo ili kuzuia damu inayomwagika anaweza kuufunga au kuukata mrija kwa bahati mbaya. Kwenye modeli mshipa ni mwekundu, mrija ni wa njano, na kati yao pana nafasi safi. Katika mwili vyote viwili vimezama ndani ya mafuta na nyuzi, na humbidi mpasuaji avitafute kwa vidole na kuvitenganisha taratibu. Maiti humfundisha mwanafunzi utafutaji huo. Humfundisha pia kwamba miili haifanani, kwa kuwa mshipa unaotazamiwa kuwa mmoja huweza kuwa miwili, na kidole tumbo cha mtu mmoja huelekea nyonga ilhali cha mwingine kimejificha nyuma ya utumbo mpana.

Hata hivyo modeli ina manufaa ya kweli. Haina harufu ya fomalini, ambayo ikivutwa kwa miaka mingi huweza kusababisha saratani. Hurudiwa mara nyingi bila kuharibika. Na huonyesha moyo ukidunda, jambo ambalo maiti haiwezi. Lakini modeli nayo ina asili yake katika maiti. Mwaka 1994 Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani ilitoa picha za mwili wa mwanamume aliyeuawa kwa hukumu ya kifo Texas mwaka 1993, mwili uliogandishwa kisha ukaparuzwa milimita moja baada ya nyingine huku kila tabaka likipigwa picha, na modeli nyingi za baadaye zimejengwa juu ya kazi hiyo. Alikuwa ameridhia mwili wake utumike kwa sayansi, ingawa wataalamu wa maadili wamebishana kuhusu uhuru wa ridhaa ya mfungwa.

Ridhaa ndiyo kiini cha suala hili Afrika Mashariki, ambako maiti nyingi za kufundishia ni za watu waliofariki bila kupatikana ndugu wa kuwachukua, hivyo mzigo wa kuwafunza madaktari huwaangukia maskini na wageni ambao hawakuulizwa kamwe. Kagera inaelewa uchungu wa mtu kutozikwa na ndugu zake kuliko sehemu nyingi, kwa sababu Wahaya huzika wafu wao katika kibanja, yaani shamba la migomba la ukoo, na kwa sababu baadhi ya waliokufa katika ajali ya meli ya MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996 walizikwa Igoma, Mwanza, bila kutambuliwa. Mwaka 2014, mabaki ya miili iliyotumika kufundishia yalipokutwa yametupwa katika mifuko jijini Dar es Salaam, hasira ya wananchi ilikuwa ya haki.

Modeli zinafaa kutangulia, ili mwanafunzi aifikie maiti akiwa tayari anajua ramani ya mwili na maiti chache ziwatoshe wanafunzi wengi, ila hazifai kuchukua nafasi yake yote. Vyuo vinavyozalisha madaktari, kuanzia Bugando hadi Muhimbili, viwaeleze wananchi waziwazi jinsi miili inavyopatikana, inavyotunzwa na inavyozikwa, na mtu mzima anayeridhia kuutoa mwili wake aandike hivyo na awaambie jamaa zake angali hai.