Umebeba mpiga debe, basi umeliacha stendi!

Asikwambie mtu, hakuna aibu kama ya mtoto wa mjini kuumbuka kijijini. Mimi niliumbuliwa na flashi.

Mambo yalikuwa hivi. Mdogo wangu wa kike, mtoto wa mama mdogo, alifungua kibanda cha steshenari jirani na shule ya sekondari, kijiji kimoja nje ya mji wa Lindi. Umeme upo, wateja wapo, kompyuta ya mtumba ipo na printa ipo. Kisichokuwepo ni mtandao. Pale bondeni simu haishiki mpaka upande kilimani, usimame chini ya mkorosho mmoja ambao wanakijiji wameubatiza jina la "Posta".

Kompyuta ilikuja na Windows 10 peke yake, tupu kama chumba cha kupanga siku ya kwanza. Hakuna programu ya kuchapia barua, na printa haina draiva. Na hapo tayari shule ilikuwa imempa kazi yake ya kwanza ya maana: kuchapa mtihani wa majaribio wa Kidato cha Nne, nakala mia na ushei, mwalimu aupitie mzigo wake Jumatatu asubuhi. Pesa ya kompyuta ilikuwa mkopo wa kikoba, na akina mama wa kikoba hawana utani siku ya marejesho.

"Kaka, njoo na hizo programu," akaniambia kwa simu, upepo wa kilimani ukivuma nyuma ya sauti yake. "Usije mikono mitupu."

Mikono mitupu, mimi? Ijumaa usiku nikakaa na laptopu yangu, nikapakua programu ya ofisi. Ikaisha kabla sijamaliza chai. MB 7 tu! Nikajipongeza, nikaitia kwenye flashi, Jumamosi alfajiri huyoo, kwenye basi la kusini.

Tulipokaa mbele ya kompyuta, ukoo mzima ukiwa umejaa mlangoni, nikabonyeza kwa mbwembwe. Kadirisha kakafunguka. Kaduara kakaanza kuzunguka. Kakazunguka wee. Mwisho yakatoka maandishi kwamba hakuna intaneti, angalia mtandao wako kisha ujaribu tena.

"Baba," mama mdogo akauliza taratibu, "mbona kinazunguka kama mbuzi wa kwenye kigingi?"

Msomaji wangu, nilichokibeba kilomita zote zile hakikuwa programu. Alikuwa mpiga debe! Unamjua mpiga debe wa stendi: anapaza sauti, anakushika begi, anakuonyesha dirisha la tiketi, lakini yeye siyo basi. Siku hizi watengenezaji wengi wa programu ndivyo wanavyofanya. Faili unalopakua kwanza ni dogo, na kazi yake ni moja tu: likishafika kwenye kompyuta yako, linapiga simu kwao na kuvuta mzigo wenyewe. Hata Chrome ya Google iko hivyo. Faili la kawaida ni dogo sana, wakati toleo kamili linazidi MB 100, na wameliweka pembeni ambako usipolitafuta hulioni.

Tusiwaonee. Mpango huo una faida zake kwa aliye hewani, maana anapata toleo jipya kabisa, lile linaloifaa mashine yake, bila kujisumbua. Tatizo ni kwamba aliyeubuni anaamini kila mtu yuko hewani saa ishirini na nne. Pale chini ya kilima ile imani haina mahali pa kushika.

Zamani haikuwa hivyo, na wala siyo zamani sana. Windows 95 ilipoingia madukani Agosti 1995, asiyekuwa na kisomea CD aliinunua kwenye disketi 13. Unaingiza ya kwanza, inakwaruza, unaitwa jina la ya pili, na hivyo hivyo mpaka jioni. Disketi ya kumi na moja ikiwa imeingia vumbi, pole yako, umekwama na kumi za mwanzo hazikusaidii. Lakini kilichokuwa ndani ya boksi kilikuwa basi zima, na dereva wake, na taabu ya spea. Wale wa Ubuntu, mfumo ulioanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, kuanzia 2005 hadi 2011 walikuwa wakituma CD bure kwa posta kwa yeyote aliyeomba, na vijana wengi wa Afrika walionja Linux kwa njia ya sanduku la barua. Ilipofika Julai 2009 mkongo wa SEACOM ukaanza kazi, intaneti ya Dar ikachangamka, na sisi wa mjini tukasahau kabisa kuuliza mzigo uko wapi.

Haya, turudi Lindi, maana kizaazaa chenyewe bado.

Nilipokuwa natokwa jasho, mdogo wangu akanong'ona kwamba siku mbili nyuma alishajaribu njia nyingine. Fundi mmoja alimuuzia flashi yenye programu ya ofisi "nzima nzima", pamoja na kifaili cha kuvunja kufuli ili isidai malipo. Maelekezo yalikuwa: zima kinga ya virusi kwanza, ndipo ubonyeze. Akazima. Akabonyeza. Programu haikufunguka.

Nikahisi tumbo linavuruga. Mtu akikwambia umfungie mbwa wako ndipo aingie nyumbani, unamuuliza anakuja kufanya nini.

"Flashi ya mwalimu yenye mtihani uliichomeka?"

"Niliichomeka jana, kaka. Lakini mafolda yote yamegeuka, yana kamshale kadogo."

Hicho kimshale wenye steshenari wanakijua, na usiku hawalali. Ni kirusi cha njia za mkato. Kinaingia kwenye flashi, kinayaficha mafolda yako, halafu kinatengeneza sanamu za mafolda hayo hayo zenye mshale. Ukibonyeza sanamu, faili lako linafunguka kama kawaida, na kirusi nacho kinaamka kwa mlango wa nyuma. Flashi hiyo ukiipeleka kwa jirani, umempelekea msiba. Na mwalimu, Mungu amsaidie, alikuwa na nakala ile moja tu ya mtihani.

Watu hudhani kompyuta isiyo na intaneti haipati virusi. Waulize Wairani. Mwaka 2010 kiligundulika kirusi kilichoitwa Stuxnet, ambacho kilivuruga mashine za kurutubisha urani kule Natanz, mahali ambapo kompyuta zake hazikuwa zimeunganishwa na intaneti. Kirusi hicho kilijua kusafiri kwa flashi. Kama mitambo ya nyuklia yenye walinzi ilipenywa, sembuse kibanda cha mabati.

Hapakuwa na la kufanya ila kupanda "Posta". Jumamosi usiku, mimi na mdogo wangu na tochi, chini ya mkorosho, simu mkononi. Safari hii nikaacha ujuaji, nikasoma. Kwanza nikachukua LibreOffice, programu ya ofisi ya bure kihalali, isiyodai namba ya siri wala kuingia hewani kujithibitisha. Faili lake la Windows ni kama MB 350, na ukubwa huo ndio ulionipa moyo: ukiona programu ya ofisi ina uzito wa MB 7, ujue umepewa mpiga debe. Kwenye kurasa nyingine inabidi utafute maneno "offline installer" au "standalone" ndipo mzigo wenyewe uonekane. Nikakumbuka pia kuangalia kama ni ya biti 64 au 32, kwa sababu mashine ya biti 32 haiendeshi programu ya biti 64 hata uipigie magoti. Jibu nilikuwa nimeshalisoma kwenye ile kompyuta, sehemu ya "System" ndani ya mipangilio, kabla hatujapanda kilima. Ukisahau hilo, unapanda mara mbili.

Pili, draiva kamili ya printa, kutoka kwa waliotengeneza printa yenyewe, kwa namba ya modeli iliyobandikwa mgongoni. Draiva ndiyo huumiza zaidi watu wasio na mtandao, hasa ile ya kadi ya mtandao yenyewe. Umepiga windo upya, kadi haitambuliki, na dawa yake iko intaneti, ambako huwezi kwenda bila kadi. Wajanja huipakua kabla hawajafuta chochote.

Tatu, dawa ya Defender, ile kinga inayokuja na Windows. Microsoft hutoa faili la kuijulisha virusi vipya, unaweza kulibeba kwa mkono, nalo linazidi MB 100. Bando la mdogo wangu likakata roho hapo, tukamalizia na langu.

Tulishuka saa saba usiku. Kinga tukaiwasha, tukailisha lile faili kwa waya wa simu, tukaiacha ipekue kompyuta na flashi. Ikakamata wageni, na kifaili cha fundi kikiwemo. Kisha, kwenye lile dirisha jeusi la amri, nikaandika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

E ikiwa ndiyo herufi ya flashi. Mafolda ya mwalimu yakajitokeza moja moja, maana kirusi cha namna ile huficha tu, hakili. Mdogo wangu alikaa chini kwenye mkeka, akafunika uso kwa kanga. Sikumsemesha.

LibreOffice ikaingia bila kuuliza swali. Yasiyokuwemo ni maelezo ya msaada, ambayo ni faili la pembeni unalopakua peke yake, nasi tuliliacha. Tulikuwa na bahati, maana programu nyingine zinakuja na marafiki. Unaiweka, unaibonyeza, inalalamika kwamba kuna kitu kinaitwa VCRUNTIME140.dll hakipo. Hapo usiende kuokota hicho kifaili kimoja kwenye mitaa ya wahuni. Kipo ndani ya kifurushi cha Visual C++ cha Microsoft wenyewe, faili dogo linalostahili kukaa kwenye flashi yako siku zote.

Na kuna hili la flashi nalo. Una ya GB 32, tupu, unataka kubeba Windows nzima ya faili moja linalozidi GB 4, inakwambia faili ni kubwa mno. Flashi siyo mbovu. Imefomatiwa kwa mtindo wa zamani wa FAT32, usiopokea faili moja la kufika GB 4. Ifomati upya kwa exFAT, ukishatoa vilivyomo.

Mdogo wangu akauliza kama abadilishe aende Windows 11, kwa kuwa Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 ya kawaida Oktoba 14, 2025. Nikamwambia atulie kwanza. Windows 11 ya Home ilipotoka 2021 ilikuja na sharti la intaneti wakati wa kuianza, na 2022 sharti likaifuata hata Pro kwa mtumiaji binafsi. Pale bondeni ingekuwa kaduara kale kale. Kilicho muhimu kwake ni flashi za wateja: kila inayoingia ipekuliwe kwanza, hata kama ni ya mwenyekiti wa kijiji.

Jumapili mchana printa ikaanza kukohoa karatasi. Kurasa za hesabu zilisumbua kidogo, maumbo ya jometri yalihama mahali pake kwa kuwa mwalimu aliyachorea kwenye programu nyingine, ikabidi tuyarudishe kwa mkono. Jioni mzigo ulikuwa umefungwa kwa kamba ya katani. Jumatatu saa moja asubuhi mwalimu akaja na baiskeli, akahesabu, akalipa taslimu.

Mdogo wangu akatenga ya kikoba, akatenga ya karatasi, akanipa nauli ya kurudi. Ya bando langu hakunirudishia. Alisema nililipe mwenyewe, kwa kosa la kuwaletea mpiga debe.