Msaidizi wa Kisheria: Utumishi wa Kumwongoza Mnyonge kwenye Njia ya Haki

Kila matokeo ya mitihani yanapotangazwa, wazazi na vijana huja parokiani kuomba ushauri juu ya masomo na kazi. Wengi wanaovutiwa na sheria hudhani kwamba njia ni moja tu, yaani kuwa wakili, na ikishindikana hukata tamaa. Leo tunapenda kutafakari pamoja nanyi juu ya utumishi mwingine ambao vijiji na mitaa yetu inauhitaji sana: utumishi wa msaidizi wa kisheria.

Hapa Tanzania, utumishi huu unatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Msaidizi wa kisheria ni mtu aliyepata mafunzo yanayotambuliwa na Serikali, anayetumika chini ya taasisi iliyosajiliwa kutoa msaada wa kisheria. Huelimisha jamii juu ya haki na wajibu, humwelekeza mwenye shida kwenye chombo kinachohusika, humsaidia kupata nyaraka zinazohitajika, na huwaongoza waliogombana kutafuta suluhu kwa amani. Yeye si wakili. Hasimami mahakamani kumtetea mtu, wala haruhusiwi kumtoza malipo yule anayemsaidia.

Je, utumishi huu una uzito gani? Tuangalie suala la mirathi. Mume anapofariki dunia, mara nyingi mjane huambiwa na ndugu wa mumewe kwamba kikao cha ukoo kimekwisha kuamua, na kwamba aliyeteuliwa kusimamia mirathi sasa ndiye mwenye mali. Maneno hayo si ya kweli. Kikao cha ukoo hupendekeza jina, lakini mahakama ndiyo inayoteua. Naye msimamizi wa mirathi hakabidhiwi mali iwe yake. Hukabidhiwa ili aikusanye, alipe madeni ya marehemu, agawe kwa warithi na kutoa hesabu mbele ya mahakama.

Hata mlango wa kubisha una maana yake. Mahakama ya Mwanzo husikiliza mirathi inayofuata sheria za kimila au za Kiislamu. Mirathi isiyofuata sheria hizo hufunguliwa katika mahakama ya ngazi ya juu zaidi. Kwa hiyo mahakama hutazama pia jinsi marehemu alivyoishi, kwani kubatizwa peke yake si jibu la kila swali. Mjane aliyeingia mlango usio wake aweza kupoteza miaka, na huku shamba linauzwa. Msaidizi wa kisheria aliye jirani yake humweleza mambo hayo mapema, humhimiza kutafuta cheti cha kifo na cheti cha ndoa, na humpeleka kwa wakili wa msaada jambo linapozidi uwezo wake.

Kijana anayetaka kuingia katika kazi hii ana njia zaidi ya moja. Aweza kupata mafunzo ya wasaidizi wa kisheria kupitia taasisi zilizosajiliwa, na kuitumikia jamii yake huku akiendelea na kilimo, biashara au kazi nyingine. Aweza pia kusoma cheti au stashahada ya sheria, kwa mfano katika Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto, na baadaye kuomba ajira mahakamani, katika ofisi za mawakili au katika mashirika. Anayetaka kufika mbali zaidi husoma shahada ya sheria, ambayo hutolewa pia na vyuo vikuu vya Kanisa kama kile cha Ruaha mjini Iringa, kisha Shule ya Sheria kwa Vitendo, ndipo aapishwe kuwa wakili. Wazazi wafahamu tofauti hii tangu mwanzo: njia ya kwanza ni ya kujitolea zaidi kuliko ya mshahara.

Tunapenda pia kuonya juu ya hatari mbili. Ya kwanza ni kugeuka kishoka, yaani mtu anayejifanya mwanasheria, anayechukua kuku na fedha za maskini kwa ahadi ya kuwashindia kesi. Ya pili ni kupatanisha yasiyopatanishwa. Mgogoro wa mpaka wa shamba waweza kumalizwa kwa mazungumzo, na Baraza la Ardhi la Kijiji lipo kwa ajili hiyo. Lakini mtoto aliyebakwa hatendewi haki kwa wazee kukaa na kupokea ng'ombe. Huo ni uhalifu. Mahali pake ni polisi, hospitali na ustawi wa jamii, bila kuchelewa. Anayeufunika kwa jina la amani huacha jeraha bila dawa.

Kanisa halioni kazi hii kuwa ngeni. Mtakatifu Ivo, padre na mwanasheria wa Ufaransa aliyefariki mwaka 1303, alikumbukwa kwa kuwatetea maskini bila malipo, na wanasheria humheshimu kama msimamizi wao. Sikukuu yake ni tarehe 19 Mei. Bwana wetu naye, katika Injili ya Luka sura ya 18, alimweka mbele yetu mjane asiyechoka kumwendea kadhi dhalimu. Mjane yule alikuwa peke yake. Wajane wa jumuiya zetu wasiachwe peke yao.

Wahenga walisema: mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Tunazisihi Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo zitambue vijana waaminifu, wanaotunza siri na wasio na tamaa ya fedha, zisaidiane na Tume ya Haki na Amani kuwatafutia mafunzo. Anayehitaji kujua taasisi zilizosajiliwa katika eneo lake amwendee Afisa Maendeleo ya Jamii wa halmashauri. Nawe kijana, ukiupenda utumishi huu, uliza kabla ya kukata tamaa. Mwenyezi Mungu, Hakimu mwenye haki, awabariki nyote.