Swichi ya Kikomo Katika Karakana Chafu

Swichi ya kikomo husimamisha meza ya mashine ifikapo mwisho wa njia yake. Isipofanya kazi, meza hugonga, na fundi aweza kuumia.

Karakana ina vumbi, mafuta na vipande vidogo vya chuma. Vikiingia ndani, swichi hukwama. Basi kabla ya kununua, tafuteni alama IP67. Tarakimu 6 maana yake vumbi haliingii. 7, maji hayaidhuru hata ikizamishwa kina cha mita 1 kwa dakika 30. Ulizeni pia kama mpira wake wavumilia mafuta.

Tena chagueni ile inayopitisha umeme daima, na kuukata ikisukumwa. Waya wake ukikatika, mashine husimama. Ile ya kinyume, waya ukikatika, hamtajua mpaka meza imegonga.