Walipoambiwa Waondoke

Kilima cha Nyanchwa kinautazama mji wa Kisii kwa juu, na kilomita chache tu kutoka hapo iko Nyabururu. Muulize mzee yeyote wa Gusii Ukristo wetu ulianzia wapi, atakutajia mojawapo ya sehemu hizo mbili, kutegemea anasali siku gani. Nyabururu ni ya Wakatoliki. Mapadri wa shirika la Mill Hill, lililoanzishwa London mwaka 1866, walifungua misheni hapo 1911. Nyanchwa ni ya Waadventista Wasabato, waliofika muda mfupi baadaye wakitokea Gendia, kando ya Ziwa Victoria. Mimi nilizaliwa upande wa Jumapili, baba yangu akiwa katekista, nikaolewa Nyamira katika boma la Jumamosi. Habari za wamisionari nimezisikia mara mbili, kwanza kwa baba, kisha kwa mama mkwe.

Kote kuwili nilikuwa nasimuliwa majengo. Fulani alijenga shule, fulani akaleta zahanati, fulani akapanda ile mikalitusi iliyo nyuma ya kanisa. Sasa nimestaafu ualimu, na swali ninalokumbuka kuliko yote niliulizwa na mtoto wa darasa la saba: "Mwalimu, kukiwa na vita hao wageni walikuwa wanakwenda wapi?" Nilimjibu kwa kifupi kwa sababu kengele ilikuwa imelia. Swali lile lilistahili jibu refu kuliko hilo.

Jibu linaanzia Septemba 1914, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa vimeanza. Wajerumani walivuka mpaka kutoka kusini wakaingia Kisii, na tarehe 12 wakapigana na Waingereza. Pande zote mbili ziliumia, zote mbili zikarudi nyuma. Maofisa wa serikali walikuwa wameshaondoka, wamisionari vilevile wameondolewa. Kwa muda mfupi mji ukabaki bila mwenyewe, na watu wetu wakaingia. Waliingia maofisini na madukani, wakaingia Nyabururu na Nyanchwa pia, wakabeba kila kilichobebeka. Mama mkwe alinisimulia, tukichambua mboga za chinsaga jikoni, kwamba mzee mmoja wa ukoo wao alirudi nyumbani na mlango wa mbao, bawaba zikiwa bado zinaning'inia. Nyumba yake ilikuwa ya mviringo yenye mlango wa fito, kwa hiyo ule wa mbao haukuwa na pa kuingia. Ukaegemezwa ukutani hadi askari wa Waingereza walipokuja kulipiza kisasi. Ng'ombe walichukuliwa, nyumba zikachomwa.

Siwezi kusimulia habari hiyo kana kwamba ni wizi mtupu. Mwaka 1908, miaka mitatu tu kabla ya Nyabururu, kijana Otenyo alimchoma mkuki Northcote, mtawala wa Kiingereza, akiwa amechochewa na nabii Moraa, na Waingereza walijibu kwa moto na risasi. Mtu aliyeona nyumba ya babake ikiteketea angemtofautishaje padri na mkuu wa wilaya, na wote wawili walifika kwa njia moja wakiwa na rangi moja? Wamisionari wale waliporudi baada ya hatari kupita walikuta kuta tupu na watu wenye kinyongo. Hata hivyo walirudi, wakaanza upya, na kwangu mimi hilo lina uzito kuliko lile la kufika mara ya kwanza. Mara ya kwanza unaweza kuja kwa kutojua. Mara ya pili unajua.

Tena wageni hao hawakuwa wazungu watupu. Mkanada Arthur Carscallen alipoanzisha Gendia mwishoni mwa 1906, alikuwa pamoja na Peter Nyambo, Mwafrika kutoka nchi ambayo leo ni Malawi. Nyambo naye alikuwa ameacha kwao, akaja kwa watu ambao lugha yao hakuijua. Vitabu vya watoto wetu vingemtaja zaidi ingekuwa haki.

Kuna waliofukuzwa kabisa. Waswidi wa chama cha Bibeltrogna Vänner, Walutheri waliojitenga na chama chao cha awali mwaka 1911, walikuwa wakifanya kazi Ethiopia. Italia ilipoivamia nchi ile 1935, wamisionari wa Kiprotestanti wakafungiwa milango. Chama hicho kikageukia kusini, na mwaka 1948 kikafika Itierio, karibu na mji wa Kisii. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri nchini Kenya lilianzia pale, na Matongo, upande wa Nyamira, kukajengwa chuo cha kufundisha wachungaji. Nikipita Itierio kwa matatu huwa nawaza kwamba kanisa lile ni zao la mlango uliofungwa Ethiopia. Na mwaka 2005 askofu wa Kanisa hilo, Walter Obare, alisafiri hadi Göteborg kumweka wakfu askofu wa Waswidi waliotofautiana na Kanisa kuu la nchi yao. Ugomvi wao una mambo mengi na si wote tunaokubaliana na upande wake, lakini safari yenyewe inaonyesha kwamba wale waliokuwa wakitumiwa watu sasa ndio waliokuwa wakiitwa.

Pengine nieleze kidogo jinsi mmisionari anavyoishi, kwa maana wengi hudhani anatumwa na serikali ya kwao na kulipwa vizuri. Shirika lake linamtuma na kumtunza. Waumini wa kwao, mara nyingi wakulima na wastaafu wa kawaida, wanachanga. Askofu wa hapa ndiye anayempangia parokia. Kisha serikali yetu inampa kibali cha kukaa na kufanya kazi, ambacho hufika mwisho na kuombwa tena. Hicho kibali ndiyo kamba aliyofungwa nayo. Mmisionari akinyamaza, kinaongezwa bila taabu. Akisema jambo lisilopendeza, kinaanza kuchelewa ofisini.

Hapo ndipo ninapomfikia Padri John Kaiser.

Alizaliwa Minnesota, Marekani, mwaka 1932, katika familia ya shambani. Alikuwa askari wa miamvuli kabla ya kuwa padri. Mill Hill walimpa upadri 1964, na mwaka huohuo akaja Kenya, akapangiwa jimbo la Kisii, ambalo wakati huo lilikuwa na miaka minne tu chini ya Askofu Maurice Otunga, yule aliyekuja kuwa kardinali. Ukiondoa muda aliorudi kwao kufundisha, Kaiser alikaa Gusii hadi 1993. Alijifunza Ekegusii akakisema. Alikuwa mtu wa kazi za mikono, wa kujenga na kutengeneza, na wa pikipiki.

Anayetaka kujua kazi ya padri wa mashambani enzi hizo aangalie mkoba wa katekista. Wa baba ulikuwa wa turubai, umeshonwa upya mara nyingi. Ndani mlikuwa na daftari la ubatizo, chupa ndogo ya maji ya baraka, mshumaa, kalamu mbili na gunia la plastiki la kufunikia daftari mvua inyeshapo. Padri alifika kigangoni mara chache kwa mwaka, maana vigango vilikuwa vingi na barabara ni tope. Siku nyingine zote baba ndiye aliyefundisha, akazika, akapatanisha wanandoa. Aliyekuja kutoka ng'ambo bila kuelewa kwamba kanisa linabebwa na watu wenye mikoba ya namna ile hakudumu. Waliodumu walikaa chini, wakala obokima, yaani ugali, wakauliza katekista nani anaumwa na nani amenyang'anywa shamba.

Suala la shamba ndilo lililomwondoa Kaiser katika upadri wa kawaida. Kuanzia 1991, vyama vingi vilipokuwa vinarudi, watu walianza kuchomewa nyumba katika Bonde la Ufa, na mipaka ya Gusii haikusalimika. Mwaka 1993 alihamia jimbo la Ngong. Oktoba ya mwaka huo maelfu ya wakulima, wengi wao Wakikuyu, walifukuzwa Enoosupukia, wakajazana katika kambi ya Maela. Kaiser alipelekwa kuwahudumia. Mkesha wa Krismasi ya 1994 malori ya serikali yalifika, watu wakapakiwa na kwenda kutupwa mbali, wengine katika uwanja wa Kirigiti, Kiambu. Kaiser aligoma kutoka, akaondolewa kwa nguvu.

Wengi wangeona wamefanya vya kutosha. Yeye alikwenda parokia ya Lolgorien, Transmara, akaendelea kuandika barua na kukusanya ushahidi. Mwanzoni mwa 1999 alisimama mbele ya Tume ya Akiwumi, iliyoundwa kuchunguza ghasia zile, akataja wakubwa wa serikali kwa majina. Aliwasaidia pia wasichana waliodai kunajisiwa na mtu mwenye cheo. Mwishoni mwa mwaka huo kile kibali kikawa shida. Serikali ilitaka aondoke. Maaskofu na wengine walipinga, akaruhusiwa kubaki. Mwaka 2000 Chama cha Wanasheria cha Kenya kilimtunukia tuzo kwa kutetea haki za binadamu.

Asubuhi ya tarehe 24 Agosti 2000 mwili wake ulikutwa kando ya barabara ya Naivasha kwenda Nakuru, amepigwa risasi kichwani. Alikuwa na miaka 67. Nilikuwa katika chumba cha walimu redio ilipotangaza. Mwalimu mwenzangu, Msabato kindakindaki, mtu mzima kuliko mimi, aliweka chaki mezani akasema, "Dada, huyo wamemuua kwa ajili yetu." Tulikuwa na vipindi, lakini hakuna aliyeinuka upesi.

Wapelelezi wa FBI waliitwa kusaidia, na mwaka uliofuata ripoti yao ikaelekea kusema kwamba alijiua. Maaskofu walikataa. Wakristo wa Gusii waliomjua walikataa kwa sauti kubwa zaidi, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliokataa bila hata kumjua kwa karibu, kwa sababu mtu anayejiandaa kufa kwa mkono wake haendelei kukusanya ushahidi. Serikali ilipobadilika, uchunguzi wa mahakama ulianza 2003. Agosti 2007 hakimu Maureen Odero alitamka kwamba Padri Kaiser aliuawa na watu wengine, hoja ya kujiua ikatupwa, polisi wakatakiwa kuendelea na upelelezi. Hakuna aliyehukumiwa hadi leo. Kaburi lake liko Lolgorien.

Miezi mitano baada ya uamuzi ule yakatokea yaleyale aliyoyasemea. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, nyumba zilichomwa mpakani mwa Borabu na Sotik, na watu wetu waliokuwa Kericho, Eldoret na Kisumu wakarudi Kisii na Nyamira wakiwa wamebeba godoro, mtoto na sufuria. Walilala makanisani na madarasani. Akina mama wa boma letu walipika kwenye sufuria za harusi, Wakatoliki na Wasabato kwenye jiko moja, na Jumamosi sisi wa Jumapili tukashika zamu ili wenzetu wakasali. Nilimwona mama mmoja akikataa kuvua viatu vya mtoto wake usiku, akisema akiambiwa akimbie tena hataki kuvitafuta gizani. Unga na blanketi vingine vilitoka ng'ambo, na tulishukuru. Lakini mikono ilikuwa yetu. Kila nikifikiria alichofundisha Kaiser kwa miaka yote ile, naona matunda yake kwenye jiko lile kuliko kwenye ukuta wowote aliojenga.

Wageni bado wako. Hospitali ya Misheni ya Tabaka, kule kwenye mawe tunayochonga, imehudumiwa kwa miaka mingi na Wakamili, watawa wanaovaa msalaba mwekundu kifuani. Zaidi ya nadhiri tatu za kawaida, wao huweka ya nne ya kuwahudumia wagonjwa hata kwa kuhatarisha uhai wao. Malaria ilipokuwa ikipanda milimani baada ya mvua za masika, miaka ya tisini hasa, ilikuta watu wasioizoea, wakubwa kwa wadogo. Katika miaka kama hiyo nadhiri ya namna ile huacha kuwa maneno ya kanisani. Na siku hizi wengi wa wanaoshika sindano na kukesha wodini ni vijana wa kwetu.

Ninachoomba kwa parokia za Gusii alikopita Padri Kaiser ni kitu kidogo. Wazee aliowabatizia watoto na kuwafungisha ndoa wanaondoka mmoja mmoja. Mimi nimeanza na wa kigango chetu, Jumapili baada ya misa, daftari mkononi, na wajukuu wanaandika nikichoka. Tunauliza jina la katekista wa wakati ule, barabara padri aliyopitia, na nani alimficha nani mwaka 1992. Parokia nyingine zenye vijana wanaojua kuandika zianze wiki hii, na Wasabato wa Nyanchwa na Walutheri wa Itierio wafanye hivyohivyo kwa watu wao.