Kitabu hakipungui, anapungua mnunuzi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu juu ya mtindo huu wa kurushiana vitabu vizima kwenye simu bila ridhaa ya waliovitunga.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na sisemi haya kama mtu asiye na doa. Mwaka 2021 darasa langu lilikuwa na wanafunzi 64 na nakala tatu tu za riwaya tuliyotakiwa kuisoma. Nilipiga picha kurasa zote nikawatumia wazazi. Walinishukuru sana. Baada ya miezi michache picha zile zile zilinirudia kutoka Mwanza, zimetumwa na mtu nisiyemjua.

Mwaka uliofuata nilikutana na mtunzi wa riwaya hiyo. Alifurahi kusikia kuwa inasomwa, kisha akaniambia mrabaha wake wa mwaka ule haukufikia hata nauli ya kuufuata. Nilikosa la kujibu.

Wapo wasemao kwamba kitabu kikinakiliwa hakipungui. Ni kweli, hakipungui. Anayepungua ni mnunuzi. Wengine husema vitabu ni ghali, nalo ni kweli. Lakini mtu akikosa fedha ya mchele, haingii usiku katika shamba la mwenzake akavuna.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Inaruhusu kunukuu. Kunakili kitabu kizima na kukigawa mji mzima si kunukuu.

Hata hivyo, kuwakemea wasomaji peke yake hakutoshi. Wachapishaji watoe nakala za simu kwa bei nafuu. Ikiwa mwananchi ananunua umeme kwa simu, kitabu kinashindikanaje? Nazo shule zinunuliwe nakala za kutosha za kuazimisha, ili mtoto wa maskini asome bila mwandishi kudhulumiwa.

Kwa upande wangu, nilimwomba radhi mtunzi yule na nikanunua nakala kumi kwa ajili ya maktaba ya shule. Deni langu ni 64, kwa hiyo bado nadaiwa 54. Je, ndugu msomaji, wewe unadaiwa ngapi?

Mwalimu wa Kiswahili,
Morogoro.